Fundi wa mabati wa Njiru anayewapa wateja mkasi

Saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Malori ya mchanga yanapita Barabara ya Kangundo moja baada ya jingine, na Kezia Amolo hayasikii tena, ameyazoea. Amelaza bati bapa juu ya meza yake ya mbao, ameinama, msumari mkononi, anachora mstari kando ya rula ya chuma. Anapuliza vumbi. Anaangalia kwa jicho moja, anaridhika.

Kisha anashika mkasi wa bati, ule mzito wa mipini mirefu, na kuanza kukata.

Mbele yake amesimama Austine Okinyi, karani katika ofisi moja mjini na mkazi wa hapa Njiru. Anataka vipande tisa vya bati. Ana mpango wa kujijengea banda la kuku nyuma ya nyumba yake wikendi hii, kwa mikono yake mwenyewe, bila kuita mtu.

Bati linafunguka taratibu, likijikunja upande mmoja kama ganda la ndizi. Zimebaki inchi chache kufika mwisho mkasi unapoteleza, na mstari unaenda kombo.

Kezia anasimama. Anauweka mkasi chini, kisha kwa mkono wa kushoto anavikunjua vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Haviumi, anasema. Vimelala tu, na havitaki kuamka.

"Hicho si chako," anamwambia Austine, akikisukuma kipande kilichoharibika pembeni. "Hicho ni changu, mimi ndiye nimekikosea. Sasa shika mkasi wewe."

Austine anacheka, akidhani ni mzaha, na anamwita mama kwa lugha ya mitaani.

"Mathe, mimi hiyo kitu sijawahi kushika."

"Leo utashika. Simama hapa. Mguu wa kushoto mbele kidogo. Usiukabe, huo si mwizi."

Hivyo ndivyo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu ya kazi, Kezia Amolo alivyomkabidhi mteja mkasi wake. Mwandishi alikuwepo na aliona kwa macho yake. Aliona pia jinsi mama huyo alivyotazama kando Austine alipoanza kukata, kama mzazi anayemwachia mwanawe avuke barabara peke yake.

Kezia ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Hapa Njiru wengi humwita Mama Elsie, kwa jina la bintiye. Kibanda chake ni nguzo nne, paa, meza moja, jiriwa la kubania vyuma na rundo la mabati bapa yaliyoegemezwa kwenye nguzo. Hauzi milango wala masanduku yaliyokwisha kutengenezwa. Anauza vipande vilivyokatwa kwa kipimo, kingo zikiwa zimekunjwa zisimkate mtu, kwa wale wanaopenda kujifanyia: mwenye kuziba ukuta wa jikoni, mwenye kufunika tangi la maji, mwenye banda la kuku.

Njiru ina watu wengi wa aina hiyo. Mtu akishanunua kiwanja na kuinua vyumba viwili, mfuko huwa umechoka. Yanayobaki hujifanyia Jumamosi, akiwa na nyundo ya kuazima.

Tangu Februari, mkono wa kulia wa Kezia umekuwa ukimkimbia. Ulianza kwa ganzi ya asubuhi. Ukafuata usiku wa kuamka akiukung'uta. Kisha akaanza kuangusha vitu: kikombe, funguo, koleo. Yeye alinyamaza.

"Nilisema ni baridi. Baadaye nikasema ni uzee. Kila wiki nilikuwa na jina jipya la kuuita," anasema. "Unajua mteja akisikia fundi hana mkono, anapita tu, hata hakusalimii."

Waswahili walisema mficha uchi hazai. Mwezi Mei alikubali kwenda katika hospitali moja ya umma, na huko akaambiwa kwamba neva inayopita kwenye kifundo cha mkono imebanwa, na kwamba miaka ya kufinya mkasi ndiyo iliyoleta hayo. Asipopasuliwa, vidole vitatu vitakufa ganzi kabisa. Akipasuliwa, asibane kitu chochote kigumu kwa muda wa miezi mitatu, na hata hapo hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba nguvu yote itarudi.

Siku ya upasuaji ni Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

"Kisu hakinitishi. Nimezaa mara nne, naogopa kisu cha mkononi?" anasema. "Kinachoniogopesha ni hii meza. Kibanda cha kando ya barabara hakina likizo. Nikikaa nyumbani miezi mitatu, nikirudi nitakuta mtu anauza viazi hapa, na mimi nitakuwa yule mama aliyekuwa fundi."

Siku nzuri, kibanda hiki humwachia shilingi elfu moja na mia nane hivi. Tangu mkono uanze kugoma, akipata mia saba anashukuru. Lakini Kezia haongei sana juu ya pesa. Anaongea juu ya kukata. Anakuonyesha kipande cha zamani, anapitisha kidole ukingoni na kukuambia uguse, na ukigusa unakuta pamenyooka kama pamepigwa pasi.

Hakuzaliwa na mkasi mkononi. Alifika Nairobi kutoka Ndhiwa akiwa msichana aliyeolewa juzi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza uji kwa mafundi wa Kariobangi. Mume wake alikuwa kibarua wa ghala moja huko Industrial Area. Sasa yuko nyumbani Ndhiwa, analima.

Miongoni mwa wateja wa uji alikuwemo mzee Obonyo, fundi wa mabati, mjomba wa mumewe. Siku moja msaidizi wake hakuja, na bati refu lilihitaji mtu wa kushika upande wa pili. "Binti, weka birika chini unishikie hapa," mzee alimwambia. Alishika siku hiyo. Kesho yake akashika tena. Mwisho wa mwaka uji ulikuwa umekwisha, na Kezia akawa anakata.

Obonyo alimfundisha kila kitu, na pamoja na vyote hivyo akamwachia sheria moja ambayo mafundi wengi wa bati huishika kama dini: mteja muuzie bati, usimuuzie akili.

"Maana yake, mtu akinunua vipande, mpe vipande, basi. Usimwambie aanzie wapi kufunga, wala riveti za kuunganishia bati azipige mbali kiasi gani. Akiharibu atarudi, na utauza mara ya pili," anaeleza Kezia. "Mzee hakuwa mtu mbaya. Hivyo ndivyo alivyokula na kulea watoto saba."

Na Kezia aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na moja, mpaka alipokutana na Kawsar Kahin.

Kawsar anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh na anaishi Fedha. Miaka kumi na miwili iliyopita alitaka kibanda cha stoo nyuma ya nyumba, mahali pa kuwekea marobota kabla ya Idi. Alinunua kwa Kezia vipande kumi na vinne, vimepimwa sawasawa, vimekunjwa vizuri. Kaka yake, Siyad, angefunga mwenyewe. Kezia alijua Siyad hajawahi kufunga bati maishani mwake. Akapokea pesa, akanyamaza.

Siyad alifanya kile ambacho kila mgeni wa bati hufanya: alianza juu akashuka chini. Inaonekana ni busara, kwa sababu macho ya mtu huanzia juu. Lakini ukuta wa bati huanzwa chini, ili kipande cha juu kila mara kimfunike mwenzake wa chini kwa nje, na maji yateremke bila kupata mlango. Ukianza juu, kila kiungo kinaangalia angani kama mdomo wa ndege mchanga, na mvua ikija kinakunywa.

Mvua ya masika ilikuja. Kawsar alifungua stoo siku ya tatu.

"Marobota sita," Kawsar alimweleza mwandishi dukani kwake, akitandaza vidole sita juu ya kaunta. "Kitambaa cha Idi chote kilikuwa na madoa ya kutu na harufu ya ukungu. Siyad alikaa chini akalia, mwanamume mzima. Alidhani ni yeye."

Kezia alipata habari kutoka kwa mteja mwingine. Angeweza kukaa kimya. Bati lake halikuwa na kasoro hata moja. Badala yake alifunga kibanda, akabeba drili na koleo la riveti, na akaenda Fedha kwa miguu, akijipanga njiani atakavyojibu matusi.

"Hakunitukana," anasema Kezia, na hapa sauti inamshuka. "Alinipa chai. Akaniuliza kama nimetoka mbali. Heri angenitukana. Ile chai nilikunywa huku machozi yanataka kutoka, kwa sababu nilijua neno moja, anzia chini, na nilikuwa nimemnyima."

Alivunja ukuta wote na kuufunga upya kwa siku tano, Kawsar mwenyewe akimpokeza riveti. Hakuchukua hata senti. Tangu wiki hiyo akaiacha sheria ya Obonyo na kutunga ya kwake: hakuna mteja anayeondoka kibandani kabla hajafunga riveti mbili mbele ya macho yake. Anawekewa vipande viwili vya mabaki, anaonyeshwa kipi kiwe juu, anatoboa kwa drili, anaingiza kile kijipini cha alumini na kukibana kwa koleo. Akikosea anavunja, anarudia. Tajiri, maskini, mwenye haraka, wote.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hata msumari wa kutundikia kalenda huitia jirani, hakusamehewa. Riveti ya kwanza ilikaa kombo. Ya pili iling'oka. "Wewe endelea tu na kuandika," alishauriwa.

Majirani wa kazi hawakuipenda sheria hiyo. Willis, ambaye kibanda chake cha kuchomelea na kukata kiko hatua ishirini tu kutoka hapo, hafichi.

"Huyu mama ametuharibia soko," anasema, ingawa anasema huku akitabasamu. "Zamani mtu wa banda alikuwa anakuja mara tatu. Siku hizi anakuja mara moja, anamaliza. Anafundisha watu kazi yetu bure, halafu tule nini?"

Willis ndiye pia aliyeona kabla ya wengine kwamba mkono wa jirani yake una shida. Mwezi uliopita alikuja na pendekezo la heshima: shilingi elfu sitini taslimu, achukue meza, jiriwa na nafasi. Aliipa familia mpaka siku ya upasuaji kufikiri.

Na katika familia, mtu wa kwanza kusema ndiyo alikuwa Elsie.

Elsie ni kifungua mimba wa Kezia, ana miaka ishirini na tisa, na anatunza rekodi katika ghala moja huko Industrial Area. Anaongea polepole na kwa adabu, lakini juu ya jambo hili hayumbi.

"Watu wanamwona hapa akikata, wanasema mama ni shujaa. Hawako nyumbani asubuhi," anasema. "Mimi ndiye ninamfunga vifungo vya blauzi. Juzi alishindwa kufungua chupa ya maji akajifanya hana kiu. Amefanya kazi ya kutosha. Mimi ninataka mama, sitaki fundi."

Kezia akisikia maneno hayo hakasiriki. Anatikisa kichwa tu. "Elsie ananipenda. Lakini anadhani kazi ni mzigo ambao mtu akitua anapumzika. Mimi nikiutua huu, sitajua nisimame vipi."

Hapo ndipo mambo yalipofika Alhamisi ile, mkasi ulipoteleza mbele ya Austine. Karani huyo alikata vipande vyote tisa kwa muda wa saa mbili, akitokwa na jasho, Kezia akimwongoza kwa mdomo. Kingo zake zilikuwa na mawimbi. Lakini alipomaliza hakutaka kuondoka. Alivipanga, akavipiga picha kwa simu, akamtumia mke wake.

"Nimekata mimi. Si fundi, ni mimi," alikuwa akirudia. Kisha akauliza: "Mathe, Jumamosi nikuje na boy mwenzangu wa kazi? Ana jiko anataka kuziba."

Kezia alimtazama akienda mpaka akapotea nyuma ya malori. Alikaa juu ya kigoda chake. Baadaye alichukua kipande kile alichokiharibu asubuhi, akakigeuza, na kwa mkono wa kushoto akaandika kwa rangi nyekundu, herufi zikipanda na kushuka: JUMAMOSI UNAKATA MWENYEWE. MEZA, MKASI NA MACHO YA FUNDI. MIA MBILI.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Watu saba wamesimama mbele ya kibanda. Kezia amevaa aproni ya turubai na kufanya jambo la ajabu: amechomeka mkono wa kulia ndani ya mkanda wa aproni na kuukaza fundo.

"Huu unajituma wenyewe," anaeleza. "Nikiona mtu anaenda kombo utaruka umnyang'anye mkasi. Leo kazi yake ni kulala."

Mambo hayaendi vizuri, tuseme ukweli. Mtu wa kwanza anafuata mstari uliochorewa mtu mwingine. Wa pili, mwanamume mwenye koti la ngozi, anasikiliza kwa dakika mbili kisha anakunja uso. "Mimi nimekuja kwa fundi, sikuja shule," anasema.

"Basi nenda kwa Willis, pale," Kezia anamwelekeza kwa kidevu. "Anakata vizuri, na hana maneno mengi kama mimi."

Mwanamume anaenda. Kezia anamsindikiza kwa macho, na ukimwangalia unajua imemchoma.

Msichana mmoja mwanafunzi wa chuo, Winny, anayetaka kujitengenezea kabati la vyombo, amekwama. Kila anapofunga mkasi, bati linachanika na kuacha jino. Anajaribu mara tatu, meno matatu. Kezia anatafuta maneno. Mkono wake unajua kinachokosekana, lakini mdomo haujui namna ya kukisema. Hajawahi kukisema kwa mtu yeyote, alikuwa akikifanya tu. Mkono unatikisika ndani ya mkanda. Winny anasubiri. Watu wote wanasubiri, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi uso wa mama huyu unakuwa wa mtu mwenye hofu.

"Usifunge mkasi mpaka mwisho."

Aliyesema hayo ni Kawsar Kahin. Amekuja kutoka Eastleigh bila kuitwa, baada ya Elsie kumpigia simu akidhani yeye ndiye mtu pekee atakayemshawishi mama yake aache. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake tangu saa tatu, akitazama.

"Hata kitambaa ni hivyo," anamwambia Winny, akikunja mikono ya abaya yake. "Ukifunga mpaka ncha zikutane, kinachanika. Funga robo tatu, fungua, sukuma mbele. Mama Elsie, si ni kweli?"

"Ni kweli, Mama Ayanle," anasema Kezia, akimwita kwa jina la mwanawe. Anapumua. "Ni kweli kabisa. Robo tatu, fungua, sukuma. Wacha bati liingie lenyewe mdomoni mwa mkasi, usilifuate."

Winny anakata. Jino la nne halitokei. Mstari unaenda mpaka mwisho, na kipande kinaanguka mezani kwa mlio safi.

Baada ya hapo ulimi wa Kezia unafunguka. Anazunguka meza, mkono mmoja umefungwa, akisema mambo ambayo yamekaa ndani yake miaka ishirini na tatu: sikiliza bati, likipiga kelele umelibana vibaya; kunja kwa mara tatu, si kwa pigo moja; toboa ukiwa umeweka ubao chini. Austine, aliyerudi na mwenzake wa kazi kama alivyoahidi, anajifanya mzoefu na kuwaelekeza wageni, mpaka Kezia anamkumbusha mawimbi yake. Watu wanacheka, naye anacheka pamoja nao.

Kufikia saa nane mchana watu kumi na mmoja wamekata, na kila mmoja amefunga riveti zake mbili. Wanne waliokataa kushika mkasi wamepelekwa kwa Willis.

Jioni Willis mwenyewe anakuja, akipangusa mikono kwa kitambaa. Anakaa juu ya ukingo wa meza ile aliyotaka kuinunua.

"Leo nimekata kuliko wiki nzima iliyopita," anasema. "Wote ni wako. Wale wavivu."

"Si wavivu. Wana haraka."

"Basi wenye haraka." Willis anachezea kipande cha bati. "Mama Elsie, ile habari ya elfu sitini, iache kwanza. Nikikaa hapa mimi, nani atanitumia watu? Ukiwa hospitali nitakufungulia kibanda asubuhi na kukufungia jioni. Hakuna mtu wa viazi atakayekaa hapa nikimwona."

Kezia anafungua fundo la mkanda, anautoa ule mkono wa kulia, na kumpa Willis aushike. Willis anaushika kwa uangalifu, kwa mikono yote miwili.

Kawsar na Elsie wamesimama kando. Kazi aliyoitiwa Kawsar hakuifanya, na anaungama bila aibu. "Ulinipigia nije nimwambie aache," anamwambia Elsie. "Nimemwangalia siku nzima. Mimi siwezi kumwambia hivyo. Ukitaka, mwambie wewe."

Elsie anakusanya riveti zilizoanguka sakafuni na kuzirudisha kwenye kopo, moja moja.

Mpango wa Kezia, anaoueleza akiwa ameegemea rundo la mabati, ni huu: apasuliwe Jumatatu, alale siku mbili, na Alhamisi akae hapa juu ya kigoda, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Jumamosi zitakuwa za kujikatia. Anataka meza ya pili na mikasi mitatu midogo, inayofaa mikono ya wanaoanza. Anataka pia, na hili analisema kwa sauti ya chini, kwenda Kariobangi kwenye kibanda cha marehemu Obonyo, ambako wanawe bado wanakata, awaambie alichokiona, kwamba kumfundisha mteja hakuui kazi.

"Watanifukuza," anasema. "Lakini nitakuwa nimesema."

Na kama nguvu ya mkono haitarudi? Hilo hakulijibu Jumamosi. Alisema giza linaingia.

Jumatatu, saa moja asubuhi, hospitalini. Elsie anajaza fomu, kwa sababu mama yake hawezi kushika kalamu. Jina, umri, makazi, mtu wa kupigiwa simu. Kwenye mstari wa kazi kalamu inasimama kidogo, kisha inaandika.

"Hapo umeandika nini?" Kezia anauliza.

"Biashara ndogo."

"Kata hiyo."

"Mum, ni fomu tu, hakuna mtu anaisoma."

"Mimi nimeisoma. Andika fundi wa mabati."

Elsie anaiweka kalamu chini. Macho yake yamelowa, na swali ambalo amelibeba tangu Februari linatoka. "Na mkono usiporudi?"

"Ukirudi, nitakata. Usiporudi, watakata wao, na mimi nitawaambia palipokosewa. Zote mbili ni kazi ya fundi, Elsie. Zamani nilikuwa naijua moja. Andika."

Elsie anachora mstari mmoja juu ya yale maneno, na pembeni anaandika kwa herufi kubwa. Maandishi yanasomeka.

Muuguzi anaichukua fomu na kuipitia haraka, akitembea. Anasimama. Anamwangalia mama aliyevaa gauni la kijani la hospitali, kisha anaiangalia fomu tena.

"Fundi wa mabati? Ni wewe?" anauliza. "Mimi niko Kayole. Nina mlango wa bati unakwaruza sakafu, mwaka wa pili huu."

"Unakwaruza upande wa bawaba, ama upande wa kufuli?" anauliza Kezia, na wawili hao wanaelekea chumba cha upasuaji wakiendelea kuzungumza.